Msimu wa Malimau ya Korfu

Jumapili, 12 Av 5651

Nimeshinda. Jana, Torati ilipokwisha kusomwa, nilipanda jukwaani bila kuomba ruhusa, na kabla mzee wa sinagogi hajanivuta koti nilikuwa nimekwisha kusema yote. Mwaka huu hakuna limau la Korfu litakaloingia mji wetu wa Sokolnitz. Kwenye Sikukuu ya Vibanda tutabariki etrogi, limau la sikukuu, lililoota katika Nchi ya Israeli, mikononi mwa ndugu zetu waliotoka huku Urusi kwenda kulima, au hatutabariki kitu.

Niliwakumbusha mambo ya Pasaka. Kule Korfu msichana wa Kiyahudi aliokotwa ameuawa; mji mzima ukavumisha kwamba alikuwa Mkristo, na kwamba Wayahudi walitaka damu yake. Mtaa wa ndugu zetu ukazingirwa wiki kadhaa. Watu walikufa kwa njaa na homa nyuma ya milango yao wenyewe. Na sisi, nikauliza, tutanunua malimau ya watu wale wale, tuyanuse, tuyabusu, tumshukuru Mungu?

Wanawake kule juu roshanini walilia. Wanaume walipiga meza kwa viganja.

Shemeji yangu Anshel, kaka wa mke wangu, ndiye anayekwenda bandari ya Trieste kila mwaka, na mara nyingine Korfu kwenyewe, kutuletea malimau. Alinisubiri mlangoni.

"Hongera, shemeji. Umewapiga Wagiriki kipigo kikubwa. Wamelala chini Korfu nzima, hawaamki."

"Cheka tu."

"Sicheki. Limau la Yafa, la hiyo Nchi yako ya Israeli, umewahi kuliona? Linafika limekunjamana kama shavu la mama mkwe wangu, na ncha imekatika. Ncha ikikatika halifai. Siku hiyo utawapa watu nini, washike makala yako?"

Nina miaka arobaini na tisa, nimesoma vitabu vya lugha tano, nimewajibu kwa maandishi marabi wanaokaa tu wakimngoja Masihi, na wasomi wa Berlin wanaojiona Wajerumani. Na bado naulizwa habari za ncha ya limau.

Jumanne, 14 Av

Joto. Mvua haijanyesha tangu Pentekoste. Familia mbili nyingine zilizofukuzwa Moscow zimefika, na watoto sita na samovari moja ya kuchemshia chai. Hodl, mke wangu, amewapa chumba changu cha vitabu. Naandikia jikoni.

Alhamisi, 23 Av

Gazeti limefika. Makala yangu kuhusu malimau iko ukurasa wa mbele. Mhariri amepunguza matusi mawili tu, na hayakuwa mazuri.

Jumatatu, 4 Eluli

Leo nimepata barua kutoka Korfu.

Juu ya bahasha kuna zile herufi ambazo kila Myahudi anazijua: barua hii imelindwa na marufuku ya kale ya Rabi Gershom, asiyeandikiwa asiisome, na laana iko juu ya anayevunja. Ndani kuna Kiebrania cha mtu asiyejua gazeti wala kamusi, mtu aliyesoma manabii tu. Nainakili hapa.

"Kwa mwalimu Zelik Perelmut, mtetezi wa ndugu zake, amani. Makala yako ilisomwa kwetu kwa sauti. Tulilia, kwamba mbali huko kwenye theluji yupo mtu anayelia nasi. Lakini sikia, mwalimu. Mashamba ni ya Wakristo, mikono ni yetu. Mimi ndiye mkaguzi. Natia saini kwamba limau halikupandikizwa juu ya mti wa aina nyingine. Mke wangu Diamante na wanawake wenzake wanayafunga katika kitani. Mkiacha kununua, mwenye shamba atapanda mizeituni, nasi tutakwenda wapi? Nunueni msimu huu mmoja. Na kwa kuwa unawajua wakubwa wa Odesa, waambie watuchukue, mimi na Diamante na binti yetu Stamo, twende Nchi ya Israeli. Mnapanda malimau huko. Mtahitaji mtu anayeyajua.

"Na neno hili ni lako peke yako. Bwana wangu, Spiro Kapsalis, alituficha siku tisa katika ghala la malimau. Alituletea maji na mkate kwa mkono wake. Mwanangu Eliya, niliyempa jina la baba yangu, alikufa humo kwa homa, na bwana wangu alichonga jeneza. Mpaka leo tunaishi ghalani, maana kurudi mtaani tunaogopa. Ndugu wa damu wa bwana wangu, Yani, alikuwa mbele ya waliorusha mawe. Menahem, mwana wa Eliya, Osmo."

Nimeisoma mara tatu. Nimehuzunika, na sitaficha kwamba pia nimekasirika. Bwana wangu, bwana wangu! Mtoto amemfia ghalani, naye anahesabu mikate aliyopewa. Miaka ishirini napigana na utumwa huu wa moyo, na sasa umeniandikia kwa mwandiko mzuri.

Hodl aliuliza, "Huyo binti ana miaka mingapi?"

"Hakuandika."

"Muulize basi."

Nikasema nitamuuliza.

Jumanne, 5 Eluli

Nimemsomea Anshel barua. Alikaa juu ya pipa la kabichi.

"Menahem kakuandikia wewe?"

"Unamjua?"

"Miaka kumi na mmoja. Kila sanduku ninaloleta hapa lina karatasi yake. Ana kovu kidevuni. Akikagua limau anazuia pumzi, kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto. Na Eliya..." Akashika ukingo wa pipa. "Mwaka juzi nilikula Sabato kwao. Eliya alinifundisha kuhesabu Kigiriki mpaka ishirini. Nilikosea kumi na saba, akaanguka chini kwa kucheka."

Alichukua barua, akautazama mwandiko. Kisha akasema, "Niachie ninunue kwa Menahem masanduku mawili. Mawili tu, shemeji. Yeye mwenyewe anaomba."

"Anaomba kwa sababu ana njaa. Mwenye njaa hawezi kuamua vita vya taifa."

"Na mwenye shibe je?"

Nilimwambia roho yake imefungwa katika kitani pamoja na malimau yake. Aliinuka, akajipangusa suruali, akaenda. Sentensi ilikuwa nzuri. Ningependa kuitumia mahali pengine.

Alhamisi, 7 Eluli

Nimeiandikia kamati ya Wapenzi wa Sayuni, Odesa, inayowapeleka watu wetu Nchi ya Israeli. Kurasa nne. Nimemwandikia Osmo pia: asubiri, asimwombe Mgiriki yeyote kitu, ndugu zake wako kazini.

Jumapili, 10 Eluli

Vumbi. Rafu ya juu jikoni imevunjika, nimepoteza wino.

Jumatatu, 18 Eluli

Kamati imejibu kwa mistari sita. Kazi yao ni kuwasaidia Wayahudi wa dola ya Urusi. Watu wa Korfu waiandikie kamati ya Wayahudi wa Paris. Tena Waturuki, watawala wa nchi ile, wamewafungia wahamiaji bandari ya Yafa, na hata wetu wanarudishwa na meli walizokwenda nazo.

Kwa hiyo sasa tunaulizana pasipoti! Tulipopigwa Korfu, waliotupiga hawakuuliza kama sisi ni wa Odesa au wa Paris. Kila asubuhi tunasimama kusali, Myahudi wa Yemeni na Myahudi wa Vilna, tunaelekea mji ule ule, tunaomba mvua ya nchi ile ile ambayo wengi wetu hatutaiona. Na siku mmoja wetu akibisha hodi, kamati ya taifa moja inatoa kichwa dirishani kumuuliza katokea mkoa gani. Paris watampeleka Vienna. Vienna watampeleka London. Mtu anaweza kuzunguka Ulaya yote kwa barua za ndugu zake na kufa kabla hajafunguliwa mlango.

Sitanyamaza.

Jumanne, 19 Eluli

Nimeamua kuichapisha barua ya Osmo. Kelele zangu Odesa wamezizoea. Sauti yake hawajaisikia.

Hodl alikuwa anakanda unga. Aliiona bahasha mezani.

"Si ina marufuku hiyo?"

"Marufuku ni kwa anayesoma barua ya mwenziwe. Hii ni yangu. Niliandikiwa mimi."

"Kasema neno lako peke yako."

"Hodl, hapa kuna familia tatu, hapana, watu watatu, wanaohitaji kuokolewa. Sheria ya kuokoa uhai inavunja hata Sabato."

"Mwandikie kwanza. Muulize."

"Barua kwenda Korfu na kurudi ni wiki mbili na zaidi. Meli zinakwenda, baridi inakuja."

Aliendelea kukanda. Bila kuinua uso akasema, "Wewe huwa unauliza watu ukishawajibu."

Nimeweka jina kamili la Osmo, kwa sababu mtu asiye na jina haumizi dhamiri ya yeyote. Nimeweka jina la Yani Kapsalis, ili dunia imjue. Sentensi za siku tisa, maji, mkate na jeneza nimeziondoa; ile ya kuishi ghalani nimeibakiza. Zinapoza moto. Msomaji akimwona Mgiriki mmoja mwema, atafunga gazeti akiwa ameridhika.

Jumapili, 24 Eluli

Imetoka. Ukurasa wa mbele, na mstari mweusi kuizunguka.

Jumatano, 27 Eluli

Watu wananisimamisha njiani. Mke wa mchinjaji amelia mbele ya mbuzi. Barua kumi na mbili zimekuja kutoka Bialystok, Vilna, Minsk. Tajiri mmoja wa Bialystok anauliza ampeleke wapi Osmo na kwa meli gani. Rabi wetu alinipita bila salamu. Kwa ajili ya ile marufuku, nadhani. Bora marufuku ivunjwe kuliko watu.

Jumatatu, 3 Tishri 5652

Mwaka mpya umeingia. Leo ni mfungo, lakini moyo wangu umeshiba: Odesa wamesalimu amri! Wameona haya mbele ya wasomaji. Familia ya Osmo itapelekwa Beirut, na kutoka Beirut kwa njia ya nchi kavu hadi koloni moja la wakulima wetu, Galilaya, ambako wanapanda bustani ya malimau. Wanamtaka kama fundi. Kama fundi! Nimemwandikia Osmo saa ile ile. Nimemwambia afungashe. Nimemuuliza, hatimaye, binti yake ana miaka mingapi.

Nilikwenda hadi kwa Anshel nikamsomea barua ya Odesa. Alinikumbatia. Alinuka vitunguu na machozi. "Nisamehe, shemeji," akasema. "Mimi naona limau, wewe unaona shamba."

Gazeti lenye barua ya Osmo bado hajaliona. Alikuwa njiani kwenda Grodno lilipotoka.

Jumanne, 11 Tishri

Mfungo mkuu ulikuwa jana. Niliomba msamaha kwa watu tisa, na wanne kati yao walistahili kuombwa. Mvua imeanza. Tunajenga kibanda.

Jumatano, 12 Tishri

Anshel alikuja mchana, koti limelowa, mkononi ana gazeti la Trieste ambalo wakala wake humpelekea. Hakuketi.

"Wameitafsiri makala yako. Kwa Kitaliano. Ilichapwa kule siku mbili kabla ya mwaka mpya, na kati ya Trieste na Korfu kuna meli kila wiki." Aliweka kidole juu ya mstari. "Umeliandika jina la Yani."

"Yeye ndiye aliyerusha mawe, si mimi."

"Spiro yuko wapi?"

"Sijamtaja kwa ubaya."

"Nakuuliza yuko wapi! Uliponisomea hapa, juu ya pipa lile pale, kulikuwa na siku tisa. Kulikuwa na maji. Kulikuwa na jeneza la Eliya. Ziko wapi siku tisa, Zelik?"

Amekuwa akiniita shemeji tangu nilipooa. Leo kwa mara ya kwanza kaniita Zelik.

Nikaanza kumweleza kwamba makala ina umbo lake, kwamba si kila neno linaingia. Akanikatiza.

"Menahem analala kwenye ghala la Spiro. Kwa Spiro, gazetini, ameonekana mtu aliyelishwa kisha akamsema ndugu wa aliyemlisha. Na kwa majirani, wanaojua ghala hilo ni la nani, Spiro ameonekana mtu anayefuga Wayahudi. Wewe umesoma vitabu vyote. Mimi najua malimau tu. Niambie, leo analala wapi?"

Sikuwa na jibu. Naandika hivi kwa sababu sijawahi kuandika sentensi hiyo katika shajara hii.

Hodl alivaa shali, akaenda na Anshel posta. Wamepeleka simu ya maandishi kwa jumuiya ya Wayahudi ya Trieste. Mimi nilibaki nimeshika nyundo ya kibanda.

Alhamisi, 13 Tishri

Hakuna jibu. Mvua.

Ijumaa, 14 Tishri

Hakuna jibu. Malimau ya Yafa yamefika, kumi na sita. Rabi amekubali mawili.

Jumatatu, 17 Tishri

Siku ya kwanza ya sikukuu ilikuwa Sabato, na Sabato limau halishikwi. Jana mji mzima ulipanga foleni kwa malimau mawili, watu wanapokezana kama wanaopitisha mtoto mchanga, wanaogopa hata kulipumulia. Madogo, yamekunjamana, ya kijani upande mmoja. Watu walilia kwa furaha kwamba yanatoka kwetu. Walinipa nibariki mapema, kwa heshima, mara baada ya rabi.

Nililishika. Miezi miwili nimelipigania limau hili. Nilitaka kuona shamba, kama alivyosema Anshel. Niliona kidevu chenye kovu cha mtu nisiyewahi kumwona, amezuia pumzi.

Jumatano, 19 Tishri

Hakuna jibu. Kibanda kinavuja. Tulikula humo hata hivyo, na watoto wa Moscow.

Jumatatu, 24 Tishri

Barua imetoka Trieste, kwa mkono wa katibu wa jumuiya. Tena ni barua ya heshima kubwa.

Kwamba tarehe 4 Tishri Spiro Kapsalis alimtoa Menahem Osmo ghalani pamoja na mke na binti. Katibu anasema ni kwa sababu ya habari fulani iliyotoka magazetini, nani aliyeiandika hawajui, "na Mungu amsamehe." Kwamba njiani kwenda mtaani watu wa Yani walikuwa wakimngoja penye kisima. Kwamba wanawake waliachwa wapite. Kwamba aliishi siku nne, akafa Sabato iliyotangulia mfungo mkuu. Mjane na binti wako Trieste, katika nyumba ya wageni ya jumuiya. Binti ana miaka kumi na sita.

Kisha hivi: "Marehemu hakuacha mtoto wa kiume wala ndugu. Mjane anasema alikuwa na rafiki Urusi, mwalimu, ambaye barua yake aliichukua ndani ya koti, na alipokuwa akiumwa aliomba asomewe. Aliamini kwamba rafiki huyo angewafikisha. Mjane anamwomba rafiki huyo asimame badala ya mwana na kumsomea marehemu Kadishi, miezi kumi na mmoja, kama ilivyo desturi."

Barua yake, maana yake yangu. Ile ya kwanza: asubiri, asiombe kitu, ndugu zake wako kazini. Ile ya Galilaya haikumkuta.

Nilimpa Hodl asome. Alisoma, akaikunja, akanirudishia. Hakusema alilosema siku ile ya unga. Ningefurahi kama angesema.

Jumanne, 25 Tishri

Nimesimama asubuhi na jioni. Kadishi haina neno la mauti ndani yake, ni sifa za Mungu tu, na nimeisikia maisha yangu yote. Nilikwama mstari wa pili. Mzee wa sinagogi alinong'ona, "Nani wako aliyekufa?"

Nikasema, "Menahem, mwana wa Eliya."

"Jamaa?"

Nikamwambia yote pale pale, kwa sauti, mbele ya watu wa asubuhi: barua, marufuku, jina, siku tisa. Haikuwa hotuba. Hakuna aliyepiga meza. Anshel alikuwa nyuma, karibu na jiko. Alivua shali yake ya sala, akaikunja, akatoka. Jioni alisali sinagogi la wafua vyuma.

Alhamisi, 27 Tishri

Nimemwandikia binti. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa saba; ndani yake kulikuwa na Odesa, na Paris, na Mturuki. Nimeichana. Ya pili kurasa tatu, na ilikuwa nzuri mno. Nimeichana. Ya tatu ilimwomba anisamehe, nami nikaona kwamba hata hapa namwagiza kitu. Nimeichana.

Niliyopeleka ni hii: "Stamo binti Menahem. Mimi ndiye niliyeichapisha barua ya baba yako bila ruhusa yake. Niliondoa maneno yaliyomtaja kwa mema Spiro Kapsalis. Njia ya Galilaya iko wazi kwako na kwa mama yako, na haitegemei kama mtanijibu."

Jumapili, 7 Heshvan

Theluji ya kwanza. Nasimama asubuhi na jioni.

Jumatano, 10 Heshvan

Mhariri anauliza mbona siandiki. Siku hizi kila mtu anataka kunisoma.

Alhamisi, 18 Heshvan

Barua kutoka Trieste. Katibu anasema binti alimwamuru asiongeze neno lake.

"Mama hajui, na hatajua. Tunakwenda Galilaya kwa sababu baba alitaka. Endelea na Kadishi mpaka miezi itimie, kwa kuwa hana mwingine. Usituandikie tena."

Ijumaa, 19 Heshvan

Baridi kali, njia imezibwa na theluji. Asubuhi tulikuwa tisa, na Kadishi haisemwi mpaka watu wawe kumi. Tulingoja. Mzee wa sinagogi alitazama mlango, akatazama saa, akasema tungoje kidogo tena. Wengine walianza kukunja shali zao.

Mlango ulifunguka, Anshel akaingia na theluji mpaka magotini. Sijui nani alimwita. Hakunitazama. Alikwenda kusimama karibu na jiko, akageuza uso ukutani.

Nilisimama nikaanza.